Dagaa wa Yusrah

Ijumaa ile Yassin aliporudi na mfuko wa dagaa, waliofaidi walikuwa kuku.

Yassin ni mkata miwa kule Ruaha. Msimu wa miwa hulala hukohuko. Kila Ijumaa hurudi nyumbani Mikumi kwa mke wake Joha, mtoto wao Mudi, na mama yake, Bi Mwanasha. Siku hiyo alieleza kwamba dagaa wametoka kwa Yusrah, mama ntilie anayewapikia wakata miwa. Yassin alikuwa amemsimulia Yusrah kwamba Mudi amekonda.

Joha alisikia jina la Yusrah tu. Mengine hayakumfikia. Mwanamke gani anampa mume wa mtu dagaa bure? Alimsubiri Yassin aende msikitini, akawamwagia kuku mfuko mzima.

Mudi kweli alikuwa amekonda. Alikuwa amepita mwaka mmoja, na watoto wa rika lake walishaanza kutembea. Yeye alikaa mkekani tu, mashavu yamebonyea, hataki kucheza.

Bi Mwanasha alimtazama mjukuu wake, akasema amebemendwa. Wapo wanaoamini kwamba mzazi wa mtoto mdogo akitoka nje ya ndoa, kisha akambeba mwanawe, mtoto hudhoofika. Maneno hayo yalimwingia Joha vizuri sana, maana mlango alikuwa ameshayafungulia.

Akamtaka Yassin aungame, ili mtoto aogeshwe dawa ya miti apone. Yassin akasema hana la kuungama.

"Kwa hiyo bora mwanao afe kuliko kumtaja Yusrah?" Joha aliuliza.

Yassin aliondoka bila kunywa chai. Ijumaa iliyofuata waligombana tena, na iliyofuata pia. Hakuna aliyetaja hospitali.

Wivu ulipomzidi, Joha alianza kupanda basi kwenda Ruaha kupeleleza. Alimwacha Mudi kwa bibi yake, pamoja na uji mwembamba wa sembe kwenye chupa ya chai. Kutwa nzima mtoto hakunyonya. Huko Ruaha, Joha alikaa ng'ambo ya barabara, mkabala na banda la Yusrah, akijifanya anasubiri gari. Alimwona Yusrah akipakua wali. Alimwona Yassin akila, akinawa, akirudi shambani. Akaenda tena siku nyingine, ikawa vilevile. Alirudi na hasira zaidi, kwa kuwa hakuona kitu.

Alasiri moja alimkuta Magdalena kwake. Magdalena ni mhudumu wa afya, hupita nyumba kwa nyumba. Alikuwa amemzungushia Mudi mkononi utepe wenye rangi tatu. Kijani ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Utepe ulionyesha nyekundu.

"Kabemendwa, dada," Joha alisema. "Baba yake ana mwanamke Ruaha."

Magdalena hakubisha. Aliuliza Mudi amekula nini leo. Bi Mwanasha akanyooshea kidole chupa ya chai. Na jana? Uji. Na juzi? Uji huohuo.

"Sikiliza, Mama Mudi. Mambo ya Baba Mudi na Ruaha mimi siyajui. Ninachojua, mtoto hakondi kwa uzinzi wa mtu. Akikonda, ana njaa au anaumwa. Huu ni utapiamlo, na unaua. Hospitali ni leo, si kesho."

Walilazwa, kwa sababu Mudi alikuwa amekataa hata kula. Wauguzi walimpa maziwa maalumu, kidogokidogo, mara nyingi. Yassin alifika na nguo za kazi, zimejaa masizi ya miwa iliyochomwa. Alisimama kando ya kitanda.

"Kweli hakuna kitu?" Joha aliuliza bila kumtazama.

"Yusrah alizika mwanawe, Mama Mudi. Alikonda hivihivi. Nao waliambiwa kabemendwa, wakamwogesha dawa mpaka mwisho. Ndiyo maana akatuma dagaa."

Joha aliona aibu kubwa. Aliwakumbuka kuku, akalia.

Mudi alipoanza kuchangamka walipewa chakula dawa, kile cha karanga kwenye pakiti. Wakaambiwa ni cha Mudi peke yake. Nyumbani, Magdalena aliwafundisha kuupika uji uwe mzito, wautie karanga zilizosagwa au unga wa dagaa. Mtoto apate pia yai, mboga za majani, maboga na matunda. Ale mara kadhaa kwa siku, na aendelee kunyonya hadi atimize miaka miwili au zaidi. Bi Mwanasha alitwanga dagaa huku akilalamikia harufu, lakini alitwanga.

Wiki kadhaa baadaye Magdalena aliporudi, utepe ulionyesha kijani. Mudi alikuwa anawakimbiza kuku uani, anaanguka, anainuka.

Nisiseme uongo, wivu wa Joha haujaisha. Bado hunusa shati la Yassin kila Ijumaa. Lakini Ijumaa iliyofuata, Yassin aliporudi na mfuko mwingine wa dagaa wa Yusrah, kuku walikuja mbio kama wanaokumbuka ule wa kwanza. Joha aliwafukuza kwa ufagio, akaupeleka mfuko jikoni.

"Ukirudi Ruaha, mwambie Yusrah Mudi anatembea," alisema. "Mwambie nitamleta amwone."