Abiria Hajafunga Mkanda

Boneti ilikuwa na joto. Henning Brockhoff alibandika kiganja chake pale hata kabla ya kumsalimia mwenye gari, maana ndivyo alivyowafundisha watu kwa miaka thelathini: ukifika, gusa boneti kwanza. Ikiwa na joto, muuzaji ameshaichemsha injini ili usisikie kikohozi chake cha asubuhi, basi geuza urudi kwako.

"Umeliwasha leo, Bi Thönnes?"

"Mimi? Hata mlango wake sijaushika tangu kaka yangu afe. Mwaka wa tatu huu. Betri yenyewe ile pale." Mama huyo alionyesha kwa kidevu. Betri ilikuwa juu ya rafu, imefunikwa gazeti.

Hapo angegeuka. Lakini mganga hajigangi. Fundi huyu mstaafu wa Koblenz ndiye aliyekuwa akiwakagulia watu magari ya mbio ya mitumba, na kanuni yake nyingine aliirudia mpaka ikawachosha: usiende kununua gari peke yako, mpenda gari ni kipofu, fuatana na mtu asiyelipenda. Leo mwenyewe alikuja peke yake mpaka kijiji hiki cha milima ya Eifel, kwa treni na kwa basi, kwa kuwa hakuwa na wa kufuatana naye. Tangu mkewe afariki, miaka miwili sasa, aliyezungumza naye zaidi ni muuza mikate, na hayo mazungumzo yalikuwa "habari" na "asante".

Akalikagua, na mikono yake ikijua kazi. Rangi haikuwa imepakwa upya popote. Uvunguni hapakuwa na kutu. Matairi yote manne yalitengenezwa mwaka uleule, daftari la matengenezo limejaa mihuri bila pengo, kifuniko cha oili hakina utando mweupe wa maji yaliyopenya injini. Akaifunga betri, ambayo kwa ajabu bado ilikuwa na chaji, akachomeka kidude chake cha kusomea makosa yaliyohifadhiwa na kompyuta ya gari. Kosa lilikuwa moja: abiria hajafunga mkanda. Lilikuwa limeandikwa kila siku kwa miaka mitatu, muda wote ambao betri ilikaa rafuni.

"Kompyuta imechanganyikiwa," alisema, ingawa hakuamini.

"Haijachanganyikiwa," Bi Thönnes alinong'ona. "Nenda kalijaribu. Mimi sipandi."

"Muuzaji hupanda, mama. Nikikimbia nalo je?"

"Kimbia nalo. Utakuwa umenisaidia."

Ilikuwa saa nane mchana, lakini ukungu wa Novemba ulikuwa umeshuka mpaka kwenye lami. Kwenye kona ya kwanza kengele ya mkanda ikaanza kulia. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, ila ngozi yake ilikuwa imebonyea. Ikaja harufu ya koti la sufu lililoloa mvua. Kwenye kona ya pili kengele ikanyamaza, kwa sababu mkanda ule ulijivuta polepole, ukapita juu ya hewa tupu, ukajifunga, na Henning akataka kukanyaga breki, akataka kufungua mlango na kurudi mbio kwa miguu, lakini jini lililokaa kwenye kiti kile likamwuliza, kwa sauti ya chini isiyo ya kike wala ya kiume, mkeo alikuwa akiitwa nani, naye akajikuta anajibu, Roswitha, na baada ya jina akasimulia hospitali, na koti lake ambalo bado liko kwenye ndoano, na viazi ambavyo mpaka leo huvimenya vya kutosha watu wawili, na sauti ikawa inaitikia tu, ehe, halafu, mpaka akagundua kwamba ameshaendesha kilomita arobaini, mashavu yameloa, na woga umemtoka kitambo. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Aliporudi, Bi Thönnes alikuwa langoni, koti mabegani. Henning alishuka, injini akaiacha ikiunguruma.

"Limekuongelesha," mama alisema.

"Huna padri huku?"

"Alikuja mara mbili. Halimtaki. Padri ana watu wengi." Aliteremsha sauti, akilitazama gari kwa pembe ya jicho. "Linataka asiye na mtu. Kaka yangu Eckhard alikuwa akija kwangu kila Jumapili. Aliponunua hilo, kahawa yake akawa anainywea humo humo, hapa uani. Mwisho hakushuka kabisa. Tulimkuta ameshakauka, mkanda kiunoni, anatabasamu. Sema hulitaki, Bwana Brockhoff, Jumatatu liende likasagwe. Halafu uingie ndani. Kahawa ipo, keki ya tofaa ipo. Na mimi nakaa peke yangu."

Tangu msiba hakuna aliyekuwa amemwambia aingie ndani. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, taa inawaka, vikombe viwili vimeshapangwa mezani. Moyo wake ulitaka kwenda, wallahi ulitaka, na mguu mmoja ulikwisha kupiga hatua.

"Asante sana, mama," alisema, akirudi kinyumenyume huku mkono ukitafuta kitasa. "Siku nyingine. Sitaki kumwacha peke yake."

Bi Thönnes alilishika lango kwa mikono miwili. Maneno hayo hayo Eckhard aliyasema siku waliyomzika mama yao, akabaki garini nje ya makaburi. Alimwita Henning kwa jina, akamwita tena kwa nguvu, lakini kioo kilikuwa kimeshapandishwa, na gari lilipompita alimwona anaongea.