Rangi za Kompyuta ya Zamani

Kila alipotoka shule, Kipepeo alipitia zahanati kumsubiri shangazi yake, mfamasia, ili warudi nyumbani pamoja. Jina hilo alibandikwa na wenzake darasani kwa sababu hatulii mahali pamoja.

Siku hiyo shangazi alikuwa dirishani akigawa dawa. Kipepeo aliketi stoo mbele ya kompyuta inayoonyesha hali ya majokofu ya chanjo. Kioo kilikuwa cheusi, kimejaa mistari ya maandishi meupe. Akabofya hapa na pale, akachagua rangi za kompyuta za zamani, na maandishi yote yakawa ya kijani. Yakampendeza kwelikweli.

Mtunza stoo akaingia, akatupia kioo jicho. “Umebadili sura ya kompyuta, mama? Haya, bora hakuna mstari mwekundu.”

“Mwekundu wa nini, mjomba?”

“Jokofu likipata joto, mstari wake unageuka mwekundu. Tukichelewa kuuona, chanjo zinaharibika.” Akabeba boksi lake, akatoka.

Kipepeo akakigeukia kioo. Pale kiooni hata mwekundu ungekuwa kijani! Alijaribu kurudisha rangi za mwanzo, lakini njia aliyopitia ilikuwa imemtoka kichwani. Akawaza kunyamaza. Nani angejua? Kisha akasikia vichanga vilivyosubiri chanjo vikilia kwenye benchi la nje.

Akaenda dirishani, mbele ya foleni nzima.

“Shangazi, nimechezea kompyuta ya stoo. Rangi nyekundu haionekani tena.”

Shangazi aliwaomba wagonjwa radhi, akakimbilia stoo, akarudisha rangi. Mstari mmoja ukawaka mwekundu. Mlango wa jokofu la pembeni haukuwa umefungwa sawasawa.

Kipepeo alisimama kando shangazi alipokuwa akisoma kipimajoto.

“Joto limeanza tu kupanda,” shangazi alisema mwishowe. “Chanjo zimesalimika.” Wakazihamishia jokofu jingine, Kipepeo akishika mlango.

Machozi yakamtoka. “Nisamehe, shangazi.”

“Nimekusamehe, lakini nisikilize. Usiguse kitendea kazi cha mtu kabla ya kuuliza, maana unachokiona pambo, mwenzako anakitegemea. Na siku ukikosea tena, fanya kama leo. Uliogopa, ukasema hivyohivyo. Ungeninyamazia, kesho tungewachoma watoto kama wale chanjo iliyoharibika, nasi tukiamini tunawakinga.”