Bendera Kwenye Chungu cha Maua

"Hili begi nilipakie kweli?" shangazi aliuliza kutoka dirisha la tiketi.

"Lipakie, shangazi. Nikimaliza kuwazungusha wageni hawa, basi la jioni linanichukua."

"Na Brashi?"

"Brashi alishanijibu zamani."

Hapo hifadhini msichana huyu aliitwa Honi, maana sauti yake ilivuka korongo bila kipaza sauti. Leo ilikuwa imepungua. Brashi naye alikuwa mchimbaji wa mifupa ya kale. Angeweza kushinda kutwa nzima akisugua jino moja la dinosaria kwa brashi, halafu akashindwa kumsalimia msichana anayempenda. Na alimpenda, jamani! Kila mchana alimwachia chupa ya maji baridi getini, chini ya mkia wa lile sanamu la dinosaria ambalo wageni hupenda kupiga nalo picha.

Honi alichoka kunywa maji, akamtumia ujumbe: "Nimepata kazi makumbusho ya mjini. Nipe sababu ya kubaki."

Hakujibiwa. Asubuhi akakuta bendera ndogo nyekundu imechomekwa kwenye chungu cha maua mlangoni pake.

Sasa kumbuka, Honi ni mwongoza wageni. Kwenye njia ya wageni bendera nyekundu ina maana moja tu: udongo unaporomoka hapa, kaa mbali. Alilia mpaka macho yakavimba. Akaizuia namba ya Brashi na kuikubali kazi ya mjini.

"Leo mna bahati," aliwaambia wageni. "Shimo la wachimbaji limefunguliwa kwa wageni kwa mara ya kwanza. Hata mimi sijawahi kushuka."

Wakashuka katikati ya vilima vyenye milia ya kijivu na nyekundu, vilivyochongwa na mvua. Chini kabisa Brashi alikuwa amepiga magoti. Alipomwona Honi, brashi ilimdondoka.

"Mbona bendera nyekundu zimejaa hivi?" aliuliza mama mmoja mwenye kofia pana.

"Ni hatari, mama. Msisogee," Honi alidakia.

"Hapana," Brashi alisema.

"Hapana nini?"

"Huku shimoni ni tofauti. Ukikiona kitu ulichokitafuta maisha yako yote, hukivuti kwa pupa, kitavunjika. Unachomeka bendera pembeni, watu wasikikanyage. Halafu unakwenda kutafuta vifaa, unarudi."

Honi alimsogelea hatua moja.

"Brashi. Na ile ya kwenye chungu cha maua?"

"Maana yake ndiyo hiyo."

"Mimi nikadhani unanifukuza!"

"Nikufukuze? Mimi? Nilidandia lori asubuhi ile ile kwenda mjini kutafuta vifaa. Narudi, simu yako haipatikani, na ukiniona unageuza njia. Nikajua umenikataa."

"Na mdomo uliuacha wapi, wewe mwanaume?"

Wageni waliangua kicheko. Mama wa kofia hakucheka.

"Hivyo vifaa viko wapi, mwanangu? Tuvione."

Brashi aliingiza mkono mfukoni, akatoa kichupa cha kuhifadhia meno madogo ya dinosaria. Ndani, juu ya pamba, kulikuwa na pete.

"Nakupenda," alisema. Alitaka kunong'ona, lakini korongo likalirudisha neno lake na kila mtu akalisikia. "Usiende."

Honi alifungua mkoba wake. Bendera ilikuwamo. Pamoja na hasira zote zile, hakuweza kuitupa. Aliinama, akaichomeka udongoni kando ya buti la Brashi.

"Ya nini?" Brashi aliuliza.

"Watu wasikukanyage." Honi alimnyooshea kidole cha pete, machozi yakimtiririka. "Wewe sasa una mwenyewe."

Wageni walipiga makofi mpaka vumbi likatimka. Walipopanda juu na simu kushika mtandao, Honi aliandika haraka:

"Shangazi, mwambie dereva ashushe begi langu. Sisafiri tena."

Jibu likaingia papo hapo:

"Alishushe wapi? Sikulipakia."