Haki za Wake

Raihana aliingia duka la intaneti la mtaa wa Buyenzi na furushi la vitambaa vya kushona, akajikwaa kwenye waya, mashine nne zikazimika. Watu wakapiga kelele.

"Dada, umetuzima wote!" alicheka Faridi, mwenye duka, katika shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi.

"Nipige basi, na mi nizimike."

Hakupigwa. Alipigiwa simu, kila siku, miezi mitatu.

Mwaka huo wa 2004 risasi bado zilisikika milimani, na watu wazima walishauri vita iishe kwanza ndipo watu waoane. Raihana hakuogopa vita. Aliogopa kitu kimoja tu. Mama yake alikuwa mke wa pili, alizeeka akingoja zamu yake, na binti aliapa: atakuwa mke wa pekee, ama asiolewe kabisa.

Siku moja Faridi alitoka kununua mandazi, Raihana akakaa mbele ya mashine yake. Kwenye kisanduku cha kutafutia Faridi alikuwa ameandika hivi: *haki za wake*.

Wake! Moyo ulimpasuka.

"Wake wangapi?" alimuuliza Faridi aliporudi, pale mlangoni.

"Chérie, mupenzi wangu, nisikilize..."

"Apana! Mi si mutu wa zamu."

Alizima simu siku tisa. Siku ya kumi alikuja mwenyewe, amejitanda kanga ya njano, bangili alizopewa na Faridi amezishika mkononi.

"Chukua vitu vyako."

"Ntachukua. Kwanza andika *haki za mke*."

Raihana aliandika kwa hasira. Mashine haikupata kitu.

"Sasa weka *wake*."

Kurasa zikajaa.

"Unaona? Kifaransa kinaongeza herufi ku mukia. Kiswahili kinageuza kichwa, na mashine haijue kama ni neno moja. Nilitafuta ya mumoja, ikakataa. Nikaomba ya wengi."

Akafungua droo, akatoa karatasi alizochapa. Kila penye *wake* alikuwa amekata kwa kalamu, akaandika *mke*. Hata *wapewe* aliigeuza *apewe*.

"Nilitaka nijue deni langu mbele ya kuja kwa baba yako kukuposa."

Raihana alisoma mpaka chini, machozi yakimtoka bila kuyaficha. Karatasi ya mwisho ilikuwa na *wake* moja iliyomponyoka Faridi. Binti alichukua kalamu, akaikata mwenyewe, akaandika: *Raihana*.

Akavaa bangili zake.

"Ukuje kwa baba kesho asubui," alisema. "Vita ikiisha, itukute tuko mu nyumba."