Gari Lililokataa Mlima

Marehemu baba alikuwa na msimamo wake kuhusu petroli: tangi halijazwi. Alituambia gari jepesi ndilo linalopanda mlima, na sisi watoto tulimwamini kabisa. Kila Jumamosi alipita kituoni, akatia mafuta kidogo, akatununulia biskuti, tukaondoka tukiimba. Jamani, siku zile zilikuwa tamu. Mpaka leo nikisikia harufu ya petroli namkumbuka baba.

Alipofariki, gari lake kuukuu liliuzwa. Mimi na mdogo wangu wa kiume tukanunua jingine la kisasa zaidi, tumpeleke mama hospitali. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alitutambua kwa sauti tu. Upasuaji ulipangwa Alhamisi asubuhi, na akikosa zamu angesubiri miezi sita. Mafuta tuliendelea kutia kidogo kidogo, kama baba. Taa ya mafuta ikiwaka, kwetu ilikuwa pambo.

Jumatatu tulimpeleka kwenye vipimo. Katikati ya mlima wa hospitali gari likaanza kukohoa. Nikikanyaga mafuta, linazidi kukosa nguvu. Kwenye tambarare linakwenda vizuri. Jumanne asubuhi liligoma kuwaka mpaka nilipojaribu mara ya tatu. Mdogo wangu, mjuaji wa kujifanya, akafunga plagi mpya za injini. Alisema baba alikuwa anasugua plagi tu na safari inaendelea. Wapi! Tulilijaribu tena mlimani, likakohoa vile vile. Nikaingiwa na hofu, maana zilibaki siku mbili tu.

Mchana huo nikamwita jirani yetu, mama mmoja fundi wa magari. Mtaani tunamwita Mama Spana, naye hakasiriki. Alitukataza kuwasha injini. Alinitaka nizungushe ufunguo hatua moja tu, kisha nisikilize kwenye kiti cha nyuma. Pampu ya mafuta iliyo nzima huvuma kidogo halafu hunyamaza. Yetu ilikuwa inalia kama nyuki mgonjwa.

Hakukimbilia kuibadilisha. Kwanza alitoa presha kwenye bomba la mafuta, akamfukuza mdogo wangu na sigara yake, ndipo akafunga geji ya kupimia presha hiyo. Injini ilipowaka, mshale haukufika hata nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Alipokanyaga mafuta, ukashuka zaidi. Akaweka chujio jipya, mshale ukabaki pale pale. Akapima umeme unaokwenda kwenye pampu, ukawa sawa. Bomba la kurudisha mafuta tangini nalo halikuwa na kasoro.

"Basi ni pampu yenyewe imechoka," alisema. "Mlimani injini inataka mafuta mengi, na pampu haiwezi kuyasukuma. Kwani huwa mnaendesha tangi likiwa tupu?"

Mdogo wangu akajibu kwa ukali kwamba baba aliendesha hivyo miaka ishirini.

"Gari la baba yenu lilikuwa la kabureta. Pampu yake ilikaa nje, kwenye injini. Ya hili imo ndani ya tangi, na petroli ndiyo inayoipoza. Mmekuwa mkiichemsha taratibu."

Niliumia. Nilihisi kama baba amekosolewa mbele za watu. Mama, aliyekuwa amekaa barazani, akacheka. Alisema mzee wake alilijua gari lake, sasa na sisi tulijue la kwetu.

Jumatano Mama Spana alifunga pampu mpya. Mshale ukapanda hadi kwenye kipimo na kutulia. Tangu siku hiyo tunaongeza mafuta kabla tangi halijafika robo. Alhamisi tulipanda mlima bila kukohoa hata mara moja, tukafika mapema mpaka tukamkuta mlinzi anafungua geti.

Ijumaa muuguzi alimwondolea mama bandeji ya jicho la kwanza. Mama akanitazama kwa muda mrefu, akanishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kumbe umeota mvi, mwanangu," alisema. "Zimeanzia hapa kwenye paji, kama za baba yako."