Ukurasa Mweupe

Tukubaliane mapema: mjinga wa siku ile alikuwa yeye. Mtu mzima, shati limenyooshwa likanyooka, anapita katikati ya msongamano wa maduka ya simu huku macho yamezama kwenye habari za zana mpya ya kutengenezea tovuti. Akakanyaga pindo la gauni la rangi ya ndizi mbivu. Likachanika.

"Kaka, hili ni gauni, si zulia."

"Samahani, dada! Nitakulipia fundi."

"Fundi ni mimi. Unanilipa nishone gauni langu mwenyewe?"

Wakacheka. Mapenzi mengine huanza hivyo: mmoja kachanikiwa, mwingine hana la kujitetea.

Fundi alikuwa na kiduka cha ushonaji na ndoto moja: ukurasa wa mtandaoni ambapo mteja akigusa kola, akigusa mikono, gauni linabadilika mbele ya macho yake.

"Hilo tu, mpenzi?" alisema Bwana Tovuti, maana jina hilo alikwishapachikwa. "Niachie mimi."

Kila jioni kila mmoja alikuwa chumbani kwake, wamepigiana simu na kuiacha wazi. Huku vidole vinadonoa kompyuta, kule cherehani inanguruma.

"Umefika wapi, laazizi?"

"Bado nachagua zana. Kila nikianza, inatoka nyingine bora zaidi."

"Mimi nina mkasi mmoja, na watu wanavaa."

"Subiri uone! Hii inasifiwa na kila mtaalamu. Gauni litazunguka kama linacheza."

Gauni likazunguka kweli, kwenye kompyuta yake yenye kioo kipana kama mlango. Kwingine hakujaribu.

Siku ya kuzindua, kiduka kilijaa wateja, mama mzazi wa fundi kaketi mbele kabisa, kajipamba. Simu zikatolewa mikobani. Wakangoja. Ukurasa mweupe. Simu ya mama, mweupe. Ya fundi mwenyewe, mweupe. Akampigia Bwana Tovuti, akaweka spika ili wote wasikie maelekezo.

"Laazizi, haifunguki."

"Kwangu inafunguka."

"Hapa zote ni nyeupe."

"Basi hizo si simu, ni matofali! Waambie hao wateja wako wanunue simu za watu."

Mama akairudisha simu yake mkobani taratibu, akafunga zipu. Fundi akakata.

Hakupokea tena. Bwana Tovuti alipiga hadi akachoka kusikia sauti ya kike isiyomjua ikimwambia ajaribu baadaye. Chumba kikawa kikubwa. Alikula kwa kusimama, akaosha kikombe kimoja, akawasha feni si kwa joto bali apate kitu cha kunguruma. Feni si cherehani.

Mwishowe akaazima simu kuukuu ya mlinzi wa jengo, akafungua kazi yake mwenyewe. Weupe. Akangoja, akangoja, akaona haya peke yake. Ile zana ya sifa ilikuwa inashusha mzigo wa lori kwenye mgongo wa punda. Akaitupa yote, akaanza upya: picha ndogo ndogo za kola na mikono, mistari michache ya msimbo wa kawaida. Kwenye simu ya mlinzi ikafunguka kabla hajapepesa. Akamtumia fundi.

Simu ikalia! Nyuma ya sauti ya fundi, cherehani ilikuwa kimya.

"Inafunguka," fundi alisema. "Mama kachagua kola mara tatu. Ahsante."

"Basi yameisha, mpenzi?"

"Kazi imeisha."

"Jamani, nimetupa kazi yote kwa ajili yako! Unataka nini tena?"

"Sitaki kitu."

"Nilikosea, nimekiri. Lakini nihurumie basi, ningejuaje wateja wako wana simu za aina gani?"

"Hata yangu hukuijua," fundi akajibu, "na kila jioni ulikuwa ndani yake."