Fundi Anakoroma

Fundi alikuwa hodari wa kuchomelea mageti. Mkewe, Mama Mapacha, alikuwa hodari wa kumwamsha.

Mchana Fundi aliinama juu ya geti, ngao ya uso imemfunika, akatulia tuli. Wateja walidhani anakagua kazi. Mkewe, aliyeshona sare za shule kwenye baraza ya karakana ya mumewe, hakudanganyika.

"Baba Mapacha! Mteja huyo!"

Fundi alishtuka, akajidai anapuliza vumbi.

Usiku ndiyo ilikuwa kazi hasa. Fundi alikoroma mpaka vikombe vikatetema kabatini. Kisha ghafla, kimya. Pumzi hakuna. Mkewe alimpiga kiwiko cha mbavu, naye akavuta pumzi kwa kishindo, akaendelea kukoroma. Miaka yote ya ndoa ilikuwa hivyo, na Mama Mapacha hakumwambia mtu. Aliona ya chumbani hayatoki nje.

Basi kwa kunyanyua vyuma vizito, Fundi akapata ngiri. Uvimbe ulitokea kinenani, maumivu yakamtoa machozi. Hospitalini wakasema apasuliwe. Akalazwa siku moja kabla, mkewe kando yake.

Alasiri akaja mwanamke mfupi, mchangamfu.

"Mimi ndiye daktari wa usingizi," alisema. "Kesho mwenzangu atashika kisu, mimi nitalinda pumzi yako. Kwa hiyo leo nitakuuliza mpaka unichoke."

"Uliza tu, daktari. Ukiacha ngiri hii, mimi mzima kabisa."

Akamuuliza kama anavuta sigara. Akamuuliza dawa anazotumia, za hospitali na za miti shamba. Je, kuna dawa inayomdhuru? Amewahi kupewa nusukaputi, yeye au ndugu yake, ikaleta shida? Ana jino lililolegea? Fundi alijibu yote vizuri.

"Muuguzi atakwambia saa ya mwisho ya kula. Ikipita, usile kitu."

"Hata chai ya maziwa?"

"Hata hiyo. Chakula kikiwa tumboni, kinaweza kupanda ukiwa umelala, kikaingia mapafuni. Maji matupu nayo yana saa yake ya mwisho. Haya, unakoroma?"

"Mimi? Hata kidogo!"

Mkewe akakohoa. Fundi akamkata jicho. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wametega masikio.

Mama Mapacha akainamisha uso. Amuumbue mumewe mbele za watu? Daktari alishageuka kuondoka. Hapo wazo likamchoma: kesho, kule ndani, nani atampiga kiwiko? Hofu ikamshika kwelikweli. Akasimama.

"Daktari, anakoroma! Nyumba nzima hatusikilizani! Halafu pumzi inakatika mpaka nimpige kiwiko. Na mchana anasinzia kazini."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Fundi akajifunika shuka mpaka kichwani.

"Mke wangu, umenianika."

"Bora nikuanike kuliko nikuzike!"

Daktari hakucheka. Alirudi, akavuta kiti.

"Ahsante, mama. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtu anayekoroma hivi, huenda koo lake linajifunga akilala. Dawa za usingizi hulilegeza zaidi, na dawa kali za maumivu hupunguza nguvu ya kupumua. Tungeweza kumwona ametulia baada ya upasuaji, tukadhani anapumzika, kumbe hapati hewa."

Fundi akachungulia. "Basi nisipasuliwe?"

"Utapasuliwa, baba. Hatari ikijulikana, tunajipanga. Nitakuchoma sindano ya ganzi mgongoni. Kiuno na miguu vitakufa ganzi, wewe utakuwa macho. Baadaye tutakulaza kichwa kikiwa juu, na kifaa kidoleni kitatuonyesha kama hewa inatosha."

Kesho yake Mama Mapacha alikaa kwenye benchi la nje, akikunja na kukunjua upindo wa gauni lake. Mlango ukafunguliwa. Fundi akatolewa akiwa kwenye kitanda cha magurudumu, yu macho kabisa.

"Mke wangu! Nimewasikia madaktari wakibishana juu ya mpira tangu mwanzo mpaka mwisho!"

Mama Mapacha akapiga kigelegele hadi muuguzi akamwomba apunguze sauti.

Jioni Fundi alisinzia wodini. Koromo likanguruma, likakatika. Kifaa cha kidoleni kikalia, na muuguzi alikuwa ameshafika, akamwamsha. Mama Mapacha aliona, akatabasamu. Kwa mara ya kwanza, kiwiko chake kilipumzika.

Kabla ya kuruhusiwa, Fundi alipangiwa siku ya kurudi kutibiwa hilo koromo lenyewe. Alikuwa akifunga viatu alipomsikia daktari wa usingizi akiuliza maswali kwenye kitanda cha pili. Mgonjwa mpya, jitu la miraba minne, alikuwa amelala pale, mkewe ameketi kimya miguuni.

"Unakoroma?"

"Sikoromi kabisa, daktari."

Fundi akainuka, akapaza sauti wodi nzima isikie:

"Daktari! Muulize mkewe!"